Madhabahu Zilizoachwa Nyuma

Swali ninalotaka kulijadili hapa ni la zamani sana. Mtu akihama mahali alipozoea kumwomba Mungu wake, je, Mungu huyo huhama naye, au hubaki palepale? Na kama huhama naye, basi mahali palipoachwa panakuwa nini? Panakuwa kichaka tu kama vichaka vingine, au bado pana haki fulani inayotudai?

Sisi wa Idodi hatuna haja ya kwenda mbali kulitafuta swali hili. Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya magharibi, ukaipita Kalenga, ukateremka hadi kwenye joto na mibuyu, utafika kwetu. Na ukiendelea na safari utakutana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1964. Kabla ya hapo eneo lilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Rungwa, na kabla ya Rungwa ni Wajerumani waliolitenga kwanza, mwaka 1910. Lakini pori hilo halikuwa pori tupu. Walikuwamo watu waliolima kando ya mito, wakafuga, wakazika wafu wao, nao waliondolewa wakaja kukaa upande huu. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 na 1975, ikawasogeza tena hata wale waliodhani kwamba wamekwisha kufika. Ndiyo maana hadi leo utazikuta koo ambazo makaburi ya wazee wao yako ndani ya hifadhi, kwa tembo na simba, na ambazo haziwezi kwenda kuyafagia bila ruhusa ya wenye lango.

Msomaji asiye wa huku atasema, kaburi ni kaburi, waliokufa wamekufa. Lakini kwa Mhehe wa zamani kaburi la mzee lilikuwa ndiyo madhabahu. Nguluvi alijulikana kuwa yupo, juu ya yote, ila hakusumbuliwa kwa kila jambo. Waliosogelewa ni masoka, roho za wazee waliotangulia, na mahali pa kuwasogelea palikuwa pale walipolala. Mvua ikikawia, ugonjwa ukiingia nyumbani, au mwana akirudi salama kutoka safari ndefu, watu walikwenda kaburini na pombe na unga, na jambo likiwa zito wakaenda na kondoo. Aliyesema mbele ya kaburi hakuwa padri aliyesomea kazi hiyo. Alikuwa mkubwa wa ukoo, na maneno yake yalianza kwa kuwataja wazee mmoja mmoja kwa majina. Kwa hiyo mtu aliyekuwa hajui makaburi ya kwao yako wapi alikuwa hajui hasa yeye ni nani.

Sasa tazama jambo linalonishangaza kila nisomapo Agano la Kale. Sisi tulioingia dini kwa njia ya katekisimu tulifundishwa kwamba Waisraeli walikuwa na hekalu moja, Yerusalemu, na kwamba kila madhabahu iliyokuwa nje ya hapo ilikuwa ya sanamu. Lakini Biblia yenyewe haisemi hivyo, ila ukiisoma kwa haraka. Sanduku la agano lilikaa Shilo. Samweli alikula karamu ya dhabihu pamoja na wageni thelathini hivi mahali pa juu, katika mji usio Yerusalemu, wala hakuna aliyemkemea. Palikuwa na Betheli, palikuwa na Gilgali, palikuwa na Mispa, palikuwa na Beer-sheba. Daudi alipotaka kisingizio cha kukosa karamu ya Sauli, alimwambia Yonathani aseme kwamba amekwenda Bethlehemu kwa sababu ukoo wake una dhabihu ya kila mwaka. Nimelifikiri sana neno hilo. Kisingizio huwa na nguvu pale tu kinapofanana na desturi inayojulikana na wote. Mtu hatoi udhuru wa jambo ambalo halijapata kusikika. Basi ina maana kwamba katika Israeli ya siku zile ilikuwa kawaida ukoo kukusanyika kwao mara moja kwa mwaka na kuchinja, na mfalme hakuwa na la kusema.

Na Eliya je? Nabii huyu, ambaye hakuna awezaye kumshuku kwamba aliipenda miungu ya kigeni, alipofika Horebu akiwa amekata tamaa alimlalamikia Mungu kwamba watu wamezibomoa madhabahu zake. Zake, kwa wingi. Na kabla ya hapo, kule Karmeli, alikuwa ameijenga upya kwa mikono yake madhabahu ya Bwana iliyokuwa imevunjika. Kwa kipimo cha sheria iliyokuja kushikwa baadaye, Eliya alikuwa na hatia kama wale wengine.

Sheria hiyo ndiyo ile ya Kumbukumbu la Torati, mlango wa 12: mahali pamoja tu, patakapochaguliwa na Bwana. Wataalamu wengi wanaihusisha na mfalme Yosia, ambaye mwaka 622 K.K. au karibu na hapo aliletewa kitabu kilichopatikana hekaluni, akararua mavazi yake, kisha akatoka kwenda kuzivunja madhabahu zote za vijijini toka Geba hata Beer-sheba. Makuhani wake hawakuuawa, wale wa Yuda. Walipewa mkate wa kula pamoja na ndugu zao, lakini hawakuruhusiwa kupanda kwenye madhabahu ya Yerusalemu. Nimewaona watu wa namna hiyo, wazee waliokuwa wakubwa wa tambiko, sasa wamekaa kwenye benchi la nyuma kanisani, wanakula mkate pamoja na ndugu zao, lakini hakuna anayewauliza neno.

Kule Betheli Yosia alifanya kali zaidi. Alifukua mifupa makaburini akaichoma juu ya madhabahu ili kuitia unajisi. Halafu, katikati ya kazi hiyo, akaona alama ya kaburi moja, akauliza ni ya nani. Wenyeji wakamwambia kuwa ni kaburi la mtu wa Mungu aliyetoka Yuda. Akaamuru liachwe, mifupa yake isiguswe na mtu. Mimi huona kwamba katika masimulizi yote ya Yosia hapo ndipo penye utu mwingi zaidi, kwa sababu aliuliza. Mvunja madhabahu akiuliza ni ya nani, basi bado hajapotea kabisa.

Siku hizi hatutegemei maandishi peke yake. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua mengi, na yaliyopatikana yanatuonyesha kwamba kuna namna zaidi ya moja ya kufunga mahali patakatifu. Huko Lakishi, katika lango la mji, wachimbuzi walitangaza mwaka 2016 kwamba wamekuta chumba cha ibada ambacho madhabahu zake zilikatwa pembe, na katika kona yake limewekwa jiwe la choo. Vipimo vilionyesha kwamba choo chenyewe hakikutumika. Kiliwekwa ili kutukana tu, kama Yehu alivyoifanya nyumba ya Baali kuwa choo. Huko Beer-sheba mawe ya madhabahu kubwa yenye pembe nne yalionekana yamejengewa ndani ya ukuta wa ghala. Hapo hakuna tusi. Kuna fundi aliyehitaji mawe.

Lakini huko Aradi, katika ngome ya nyika ya kusini, palikuwa na hekalu dogo la Bwana, lenye ua na madhabahu ya mawe yasiyochongwa, na chumba cha ndani chenye jiwe la kusimama. Lilichimbuliwa na Yohanan Aharoni katika miaka ya 1960. Mbele ya chumba cha ndani palikuwa na vimadhabahu viwili vya kufukizia uvumba, na vilikutwa vimelazwa kwa ubavu, polepole, kisha vikafunikwa udongo. Havikuvunjwa. Aliyevilaza alivilaza kama mtu anavyomlaza maiti. (Mwaka 2020 uchunguzi wa masalio juu ya vimadhabahu hivyo ulionyesha ubani katika kimoja na bangi katika kingine. Ninaandika hili kwa kuwa ni kweli, lakini vijana wa kwetu wasije wakalichukua likawa hoja.) Kwa nini vililazwa, wataalamu wanabishana: wengine husema ni agizo la mfalme Hezekia, wengine husema wenyeji wenyewe walivificha kwa kuwahofia Waashuru. Kwa vyovyote, waliofunga hekalu lile ni watu walioliheshimu.

Nasema basi kwamba jambo la kwanza katika swali letu si kama madhabahu ya zamani ifungwe au isifungwe. Dini hubadilika, na yapo mambo yaliyofaa kufungwa. Kule Rungwe, kwa jirani zetu Wanyakyusa, palikuwa na msitu mtakatifu wa Lubaga, makao ya Lwembe. Wakinga walivuka milima wakileta majembe ya chuma kuwa sadaka ya kuombea mvua na rutuba, na hilo mimi nalisifu, maana makabila mawili yalikutana kwenye madhabahu moja. Lakini Lwembe mwenyewe hakuruhusiwa kufa kifo chake. Akianza kudhoofika alizibwa pumzi na makuhani ili nchi isidhoofike pamoja naye. Sijui ni nani leo angesimama kuitetea desturi hiyo. Jambo la kwanza ni nani anayefunga, na anafunga kwa mkono wa namna gani.

Na hapa nitaje kisa cha mama mmoja wa ukoo wetu, ambaye alikuwa shangazi kwa wengi wetu. Alikuwa Mkristo tangu utoto, mwenye kushika Jumapili kuliko watu wote niliopata kuwajua. Baba yake alikuwa amezikwa upande ule wa hifadhi. Alipozeeka na kujua kwamba hatafika tena, alimwomba kijana mmoja aliyepata kibarua huko ndani amletee udongo kutoka kaburini. Kijana alimletea katika kopo. Shangazi aliuweka chini ya kitanda chake, basi, hakuumwagia pombe wala kuuombea. Habari zilipowafikia wazee wa kanisa lake, alitengwa na Meza ya Bwana kwa miezi kadhaa hadi atakapoutupa. Hakuutupa. Alikuja kurudishwa bila kuulizwa tena, nadhani kwa kuwa mchungaji mpya hakutaka ugomvi na mkongwe.

Wazee wale hawakuwa watu wabaya, nami nataka kuwatendea haki. Hofu yao ilikuwa hii: leo kopo la udongo, kesho kibuyu cha pombe, keshokutwa kondoo, na Kristo amegeuzwa kuwa mmoja wa masoka. Wameona ikitokea. Yupo mtu anayebatiza watoto wake asubuhi na jioni anamwendea mganga ili kujua ni nani aliyemroga, na huyo kwa kweli hajui anamwamini nani. Utambulisho wa dini usio na mpaka wowote huyeyuka kama chumvi katika maji. Hata Waisraeli, laiti wasingepata watu wakali kama Yosia, huenda leo tungewasoma tu kama tunavyowasoma Wamoabi. Katika kituo cha jangwani cha Kuntillet Ajrud yamepatikana maandishi, ya karibu na mwaka 800 K.K., yanayoombea watu baraka kwa Bwana wa Samaria na Ashera wake. Na katika kisiwa cha Elefantine, huko Misri, askari wa Kiyahudi walijenga hekalu la Yahu, huku wakiandika pia michango ya miungu mingine katika orodha ileile ya sadaka. Hekalu lao lilibomolewa na makuhani wa Kimisri mwaka 410 K.K.; wakaandika barua ya machozi kwa liwali wa Yuda mwaka 407, na ruhusa waliyopata ilikuwa ya uvumba na sadaka ya nafaka, bila dhabihu ya kuteketezwa. Leo hawapo. Aliyebaki ni mtu wa kitabu kimoja na mahali pamoja.

Hoja hiyo ni nzito. Ila nashindwa kuipeleka hadi mwisho wake, kwa sababu mbili.

Kwanza, Biblia yenyewe inamjua mtu kama shangazi. Naamani, jemadari wa Shamu, alipoponywa ukoma mtoni Yordani alimwomba Elisha ampe udongo wa Israeli, mzigo wa nyumbu wawili, ili akirudi kwao asitoe dhabihu kwa miungu mingine. Mtu huyu ndiyo kwanza amemjua Mungu, na tayari anataka kumbeba ndani ya magunia! Kwa elimu ya dini ya leo hilo ni kosa, maana Mungu hafungwi katika udongo. Elisha alimwambia nini? Hakumsahihisha. Alimwambia aende kwa amani. Tena yale makabila mawili na nusu yaliyokaa ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa mtoni, na ndugu zao wakajikusanya kuwapiga vita kwa kosa la kujitenga. Lakini kabla ya kurusha mkuki walimtuma Finehasi kwenda kuuliza. Jibu likawa kwamba madhabahu ile haikuwa ya dhabihu. Ilikuwa ushahidi, ili watoto wa upande ule wa mto wasije wakaambiwa siku moja kwamba hawana fungu katika Bwana. Mto ulikuwa katikati, nao waliogopa kusahauliwa. Sisi wa Idodi tunauelewa mto wa namna hiyo.

Pili, nauliza anayefunga ni nani. Yosia alikuwa mtu wa imani, sina shaka, lakini alikuwa pia mfalme, na mfalme hupenda zaka zije mahali pamoja. Yeroboamu naye, aliyewazuia watu wake wasiende Yerusalemu, alijenga Betheli na Dani kwa hesabu za siasa, na Biblia inalisema hilo waziwazi. Kwa nini tusiwapime wafalme wote kwa mizani moja? Hata kwetu, kabla ya Munyigumba na mwanawe Mkwawa kuziunganisha himaya ndogo ndogo katika karne ya 19, hapakuwa na "Wahehe" kama tusemavyo leo. Kila himaya ilikuwa na wazee wake na makaburi yake. Uhehe ulitengenezwa Kalenga, ndani ya ngome. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema kwamba tambiko la mahali fulani ndilo la kweli la Wahehe na mengine ni ya pembeni, namsikia mfalme akisema.

Na Kalenga yenyewe ina fumbo lake. Baada ya Lugalo mwaka 1891 na kuanguka kwa Kalenga mwaka 1894, Mkwawa alipigana porini hadi alipojiua mwaka 1898, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mwili ukabaki Mlambalasi. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika ibara ya 246, uliwataka Wajerumani walirudishe fuvu hilo, na katika ibara hiyohiyo uliwataka wairudishe Kurani ya Khalifa Othman kwa mfalme wa Hijazi. Walioandika mkataba walijua vizuri kwamba vitu vya namna hii vina uzito kama wa mipaka ya nchi. Fuvu lilirudi mwaka 1954, tarehe 19 Juni, kwa mkono wa Gavana Twining, ambaye alikwenda mwenyewe kulichagua katika jumba la makumbusho la Bremen, kati ya mafuvu mengine, kwa kulipima na kulilinganisha na vichwa vya ndugu zake Mkwawa. Wapo wanaouliza kama ndilo lenyewe. Mimi naliona swali hilo kuwa la haki kwa mwanahistoria, lakini halijamzuia Mhehe hata mmoja kuvua kofia anapoingia mle ndani. Na wanaovua kofia ni Wakatoliki wa Tosamaganga, Walutheri, na Waislamu, bila ya mtu kuulizwa kama ameacha dini. Iweje basi fuvu la mtemi liheshimiwe na wote bila tatizo, na udongo wa kaburi la mkulima uwe kesi ya kanisa?

Roma iliwahi kukutana na jambo hili kwa Wachina. Mwaka 1742 Papa Benedikto wa 14 alipiga marufuku Mkristo wa China kushiriki heshima za wahenga. Mwaka 1939 Roma hiyohiyo ikaziruhusu heshima hizo, kwa maelezo kwamba ni za kijamii na si ibada. Miaka 197 kati ya makatazo na ruhusa. Ni watu wangapi waliokaa nje katika miaka hiyo, na ni nani atakayewarudishia? Sidai kwamba tambiko letu ni sawa na desturi za Wachina. Kutaja jina la babu kaburini ni jambo moja, na kumwomba babu mvua ni jambo jingine, na mimi la pili silifanyi. Ila la kwanza nitalifanya, na anayetaka kunitenga anitenge.

Imebaki habari ya lango. Serikali haikuvunja makaburi ya ng'ambo, wala haikuyatukana, na wanyama hawana kosa. Iliyapita tu, kama yule fundi wa Beer-sheba aliyehitaji mawe. Tangu mpango wa MBOMIPA uanzishwe, wa matumizi bora ya malihai katika Idodi na Pawaga, vijiji vyetu vimezoea kuketi na watu wa hifadhi kujadili nyama, vitalu na mapato. Nimehudhuria baadhi ya mikutano ya namna hiyo na sijasikia makaburi yakitajwa hata kwenye mengineyo. Sioni ugumu wa kuomba siku moja kwa mwaka, mwisho wa kiangazi barabara zikiwa bado kavu, gari moja na askari mmoja mwenye bunduki kwa ajili ya simba, wazee wachache wa kila ukoo waende wakafagie na kurudi kabla ya jua kuzama. Rafiki yangu mmoja, ambaye ni mzee wa kanisa, ananiambia kwamba ombi hilo likipelekwa yeye hatalitia sahihi, kwa sababu hajui watakaokwenda watafanya nini wakifika. Nimemwambia apande gari hilohilo aone kwa macho yake. Bado hajanijibu.